Fahamu: Kwa nini minara ya Daraja la Magufuli ni mifupi?

Msafiri atokaye Nyakakika, wilayani Karagwe, akishika barabara ya Geita kwenda Mwanza, hakuwa na budi zamani kungoja kivuko cha Busisi, aghalabu kwa muda mrefu. Lakini tangu tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipofungua Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, Ghuba ya Mwanza huvukwa kwa dakika chache.

Atazamaye nyaya zake hudhani ni daraja la kuning'inia, na sivyo. Daraja la kuning'inia halisi, mfano wa Golden Gate la Marekani lililofunguliwa mwaka 1937, hubebwa na kamba kuu za chuma zipitazo juu ya minara mirefu na kufungwa imara ardhini kila upande. Ilhali hapa minara ni mifupi, na nyaya, kwa kuwa zimelala mno, huibana sakafu ya zege kuliko zinavyoinyanyua, hata sehemu kubwa ya uzito ikabaki juu ya boriti zenyewe.

Rai hii ya minara mifupi ilitolewa mwaka 1988 na mhandisi Mfaransa, Jacques Mathivat, na Wajapani wakatangulia kuitekeleza mjini Odawara mwaka 1994. Faida yake hudhihiri katika nafasi za wastani baina ya nguzo, kama hizi za mita 160, ambapo boriti tupu ingekuwa nene kupita kiasi, na minara mirefu ingekuwa israfu.