Fahamu: Kwa nini mpaka uko kwenye kidole chako
Kaunti ya Tana River haipakani na Somalia. Hata hivyo, tangu kituo chake cha polisi cha Gamba kishambuliwe Julai 2014, wasafiri wa barabara ya Garsen kwenda Lamu wamezoea kushuka vizuizini, kitambulisho mkononi.

Kitambulisho hicho huanzia kidoleni. Mashine husoma mistari yake na kuilinganisha na kumbukumbu za serikali, zikiwemo za wakimbizi. Hapo ndipo penye uchungu. Miaka ya ukame, Wakenya wengi wa kaskazini mashariki walijiandikisha katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab ili wapate chakula. Mtoto aliyebonyezwa kidole siku ile, akifikisha miaka 18 huambiwa ni mkimbizi, nchini kwao.

Februari 2025 Rais Ruto aliondoa msasa wa ziada kwa jamii za mpakani zinazoomba vitambulisho. Alama iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye kompyuta ni jambo jingine: lazima ifutwe, jina kwa jina.