Injini ya Fuso imegoma? Fundi wa kumwamini ni yule anayepima kabla ya kutaja bei



Mada ya leo ni ya wale waliotoka kwenye kutuma vifurushi kwa mabasi, wakaingia kwenye kumiliki gari la mzigo. Iwe Canter, Fuso au Scania, iwe lako peke yako au mmechanga watatu wanne. Nimeshuhudia kikundi kizuri kabisa cha wauza vyombo kikivunjika kwa sababu ya injini moja. Injini yenyewe ilikuwa inatengenezeka. Walichofanya ni kumpa fundi hela yote siku ya kwanza. Gari likalala gereji wiki saba, likatoka, likafika Chalinze tu likazima. Baada ya hapo kila mmoja akaanza kumtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Na wateja waliokwisha kulipia hawana habari na injini, wao wanajua mzigo haujafika.

Mimi nina Fuso ya zamani yenye injini ya 6D16, inapanda Kitonga na mizigo ya watu. Kipimo changu cha kumchagua fundi wa dizeli ni kimoja: huyu anapima kwanza, au anataja bei kwanza?

Nieleze kwa nini. Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha kama gari la petroli. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa ya moto kiasi kwamba dizeli ikipulizwa na nozo inawaka yenyewe. Kwa hiyo karibu kila kitu kwenye injini hii ni habari ya kubana: ringi, slivu, valvu, gasketi ya hedi. Kimoja kikianza kuvujisha, gari linakuwa gumu kuwaka asubuhi, linatoa moshi, linakosa nguvu mlimani.

Sasa ugumu uko hapa. Dalili hizo hizo zinaletwa pia na vitu vya bei ndogo. Filta ya dizeli iliyoziba inaua nguvu. Mpira wa hewa wa tabo uliopasuka unatoa moshi mweusi na gari linakuwa zito kama limebeba mawe. Valvu zisizorekebishwa siku nyingi zinafanya injini ionekane imechoka. Yaani ukisimama nje, ugonjwa wa laki moja na ugonjwa wa mamilioni vinafanana kabisa. Fundi anayesikiliza mngurumo dakika mbili halafu anasema "bosi, hii imekufa, tushushe injini", anaweza kuwa amepatia. Lakini wewe huna namna ya kujua, na ukishashusha injini hakuna kurudi nyuma.

Kabla hujaenda kwake, jua rangi ya moshi wako. Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa: anza kuangalia filta ya hewa, mipira ya tabo, nozo. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, inaweza kuwa ringi, sili za valvu, au tabo lenyewe linavujisha oili. Moshi mweupe asubuhi ya baridi unaopotea gari likipata moto usikutoe jasho sana. Moshi mweupe usioisha, huku maji ya rejeta yanapungua, huo ni wa kuogopa. Na ukichomoa kijiti cha oili ukakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Hapo usiendeshe kwenda gereji hata kama ni karibu, livutwe. Maji hayalainishi beringi, na kilomita chache zinatosha kugeuza kazi ya hedi kuwa kazi ya injini nzima.

Andika haya yote kwenye simu: lilianza lini, likiwa na mzigo au tupu, oili inapungua kiasi gani kwa safari. Chukua na video ya moshi gari linapowaka asubuhi, maana likifika gereji limeshapata moto na dalili nyingine zinajificha.

Fundi wa maana atakwambia nini? Atataka kupima kompresheni, silinda moja moja, na akuandikie namba sita kama injini ni ya silinda sita. Tano zikikaribiana na moja ikawa chini sana, tatizo lina anwani. Zote zikiwa chini, ni uchakavu wa jumla. Atafungua mfuniko wa kuwekea oili injini ikiwa inaunguruma aone inapumua kwa nguvu gani. Atafunga geji ya mkono apime presha ya oili, maana geji ya kwenye dashibodi ya gari la miaka ishirini mimi siiamini hata kidogo. Nozo atazitoa zikapimwe kwenye mashine ya nozo, akuonyeshe ipi inapuliza kama ukungu na ipi inadondosha matone. Vipimo hivi vinalipiwa, na mlipe bila kununa. Ni hela ndogo ukilinganisha na injini kushushwa bure.

Kuna jambo moja nataka lisomwe taratibu. Kwenye injini za zamani zenye pampu ya kawaida, fundi hulegeza bomba la nozo moja baada ya nyingine injini ikiwa inaunguruma, ili ajue silinda ipi haifanyi kazi. Ni njia ya siku nyingi na inafanya kazi. Lakini magari mapya yenye mfumo wa komoni reli yanabeba presha inayozidi bar 1,000, nyingine zinafika 2,000. Presha hiyo ikitoka kwenye tundu dogo inaweza kupenya ngozi ya mtu kama sindano. Ukimuona fundi anataka kulegeza bomba la komoni reli injini ikiwa imewashwa, mzuie, na gari lako liondoke hapo. Hajui anachokishika. Gari la namna hiyo linataka fundi mwenye kompyuta ya kulisoma. Na kinyume chake pia, kijana hodari wa kompyuta si lazima ajue kuweka taimingi ya pampu ya 6D16. Muulize: injini kama yangu umefunga ngapi, na ziko wapi sasa hivi?

Sisi tunaouza mtandaoni tunajua vizuri picha zinavyopigwa. Bidhaa ile ile, taa ikikaa sawa, inakuwa nyingine. Basi usichague gereji kwa picha za ukurasani wala kwa sifa zilizoandikwa chini yake. Nenda yanapolala malori, zungumza na wenye magari yenye injini kama yako, na usiulize "fundi gani mzuri". Uliza "gari lako lilifungwa injini lini, na ulirudi kwake tena?" Injini iliyofungwa wiki iliyopita haina ushahidi wowote. Iliyofungwa mwaka jana na bado inapanda milima na mzigo, hiyo ina cha kusema. Wauza spea wa Gerezani nao wanawajua mafundi kwa tabia zao: nani anakuja na vipimo kamili, nani kila siku anarudisha vitu. Ila kumbuka na wao wana watu wao, kwa hiyo jina moja lisikike kutoka pande mbili kabla hujalifuata.

Ukifika gereji, usibabaishwe na jengo. Afadhali fundi aliyeko chini ya mwarobaini mwenye maikromita na spana ya kupima mkazo wa bolti, kuliko ukumbi wenye vigae ambamo bolti za hedi zinakazwa kwa kukisia nguvu za bega. Angalia injini za watu zilizofunguliwa: zimefunikwa au zinakula vumbi? Piston na kapi za beringi zimewekwa alama ya namba ya silinda, au zimerundikwa kwenye beseni moja? Mimi nikiona beseni moja la vitu vya injini mbili, naaga kwa heshima.

Jua pia kwamba kufunga injini ni kazi ya watu watatu: fundi anayefungua na kufunga, mtu wa pampu na nozo, na karakana ya kuchonga. Krenki ikiwa na mikwaruzo inapelekwa kusagwa, na ikipunguzwa milimita 0.25 lazima beringi iwe ya saizi ya 0.25, ikipunguzwa 0.50 iwe ya 0.50. Hedi inapimwa kama imepinda na kama ina ufa. Muulize fundi krenki anapeleka wapi, na kama unaweza kwenda naye. Mkweli atakwambia twende. Na ukisikia neno la kuweka karatasi au bati jembamba nyuma ya beringi "ili ibane", chukua gari lako. Hiyo itaenda mpaka mzigo mzito wa kwanza.

Tuje kwenye hela, maana ndiko vikundi vinakofia. Makubaliano yaandikwe, hata kwenye daftari la shule, mpige picha wote mbaki nayo. Ufundi peke yake, spea peke yake. Lipa kwa hatua. Tuseme ufundi ni laki nane (ni mfano tu, siyo bei ya soko): laki mbili kufungua na kupima, mbili vitu vikirudi kutoka kuchongwa, mbili injini ikiwaka, na mbili za mwisho gari likishapita jaribio na mzigo. Katikati ya kufungua na kununua spea kuwe na kituo: fundi akupe orodha ya kilichokufa pamoja na vipimo vyake, ninyi mkae, mwamue. Spea nunueni wenyewe mkiwa na fundi, mchukue risiti, na vyuma vya zamani vyote virudi kwenu. Fundi anayekasirika kuombwa chuma chakavu ana sababu yake.

Halafu kuna cha juu. Tusifichane, dereva anaweza kuwa na makubaliano yake na gereji, na gari likaumwa kila linapokaribia gereji hiyo hiyo. Sisemi madereva wote, wangu ndiye aliyeniokoa mara mbili kwa kusikia mlio kabla haujawa mkubwa. Msikilize dereva kuhusu ugonjwa, maana yeye ndiye anayelala na gari. Ila uchaguzi wa gereji na malipo yabaki kwa wenye gari, na kama mko kikundi, mtu mmoja asiwe ndiye anayeelewana na fundi, kununua spea na kushika hela kwa pamoja.

Wengine watashauriwa waachane na kufunga, wanunue injini nzima ya mtumba. Wakati mwingine ni sawa, hasa krenki ikiwa imekatika au bloki imetoboka. Lakini nayo ipimwe kompresheni ikiwa hapo hapo dukani, na mdai nyaraka zake, kwa sababu namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari na ikibadilika lazima kadi irekebishwe. Injini isiyo na karatasi inaweza kukusimamisha barabarani ikiwa nzima kabisa.

Siku ya kuchukua gari usiridhike na kuunguruma likiwa limesimama. Liwake likiwa baridi, mbele yako. Liende na mzigo wa wastani kwenye mwinuko, fundi akiwa ndani. Mkirudi angalieni maji, oili, uvujaji, na presha ya oili injini ikiwa ya moto, siyo baridi. Waranti iandikwe kwa kilomita au miezi, na muhimu zaidi, iandikwe nani analipa kuvutwa gari likizima Mikumi usiku. Oili ya kwanza na filta vibadilishwe mapema, mimi hufanya kabla ya kilomita 1,000, halafu filta ya zamani tunaikata na kuangalia ndani. Vumbi jembamba la chuma ni la kawaida kwa injini mpya kufungwa. Vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvishika kwa kidole, gari lirudi kwa fundi siku hiyo hiyo, kabla hamjapakia oda nyingine.