Kompyuta Ikikuambia "Una Virusi 47, Lipa Sasa", Soma Hii Kwanza

Juzi jioni shangazi yangu alinipigia simu akitetemeka. Laptopu anayotumia kuweka hesabu za duka lake ilikuwa imejaa dirisha jekundu, na king'ora kinalia: "Kompyuta yako ina virusi 47! Lipa sasa ama upoteze kila kitu!" Kadi ya benki ilikuwa tayari mkononi.

Nikamwambia, "Shangazi, tafadhali weka kadi chini kwanza. Hicho kinachopiga kelele ndicho ugonjwa wenyewe."

Hii ni nini hasa?

Ni programu feki inayojifanya inazuia virusi na ujasusi. Inakutisha, halafu inakuuzia dawa ya ugonjwa usiokuwa nao. Wakati mwingine yenyewe ndiyo inakupeleleza.

Si mchezo mpya. Desemba 2008, tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilienda kortini kuzima kundi lililouza programu kama WinFixer, DriveCleaner na XP Antivirus. Zaidi ya watu milioni 1 walikuwa wamezinunua. Mwaka wa 2012 korti ikaamuru mmoja wa washtakiwa alipe zaidi ya dola milioni 163. Majina yamebadilika, lakini mbinu ni ile ile.

Utaijuaje?

- Hukumbuki kuiweka kwenye kompyuta yako.
- Inadai imekagua kompyuta nzima kwa sekunde chache. Ukaguzi kamili wa kweli unaweza kuchukua hata zaidi ya saa moja.
- Inakuharakisha ulipe, na dirisha linarudi kila ukilifunga.
- Inakupa namba ya simu upige. Microsoft wamesema wazi kwamba ujumbe wao wa hitilafu hauna namba ya simu.
- Inakuzuia kufungua antivairasi yako halisi.

Jinsi ya kuitoa kwenye Windows

1. Usilipe, usipige simu, na usibonyeze chochote ndani ya dirisha hilo. Hata ile alama ya X inaweza kuwa mtego.
2. Zima wifi ama chomoa waya wa intaneti.
3. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka, chagua kivinjari chako, kisha End task. Ukikifungua tena, usikubali kurudisha kurasa za awali. Ingia kwenye mipangilio yake, uondoe ruhusa ya arifa kwa tovuti usizozijua.
4. Fungua Settings, kisha Apps. Panga programu kwa tarehe, uondoe ile usiyoitambua. Ikikataa, washa kompyuta kwa Safe Mode, ujaribu tena.
5. Rudisha intaneti, fungua Windows Security. Iko bure ndani ya Windows 10 na 11. Isasishe, kisha ufanye ukaguzi kamili. Ikiwa bado una shaka, chagua Microsoft Defender Offline: kompyuta itajizima na kuwaka, na ikaguliwe kabla ya programu feki kupata nafasi ya kujificha.

Na kama ushalipa?

Usione aibu, lakini usikawie. Ikiwa ulitumia kadi, piga simu benki waifunge. Ikiwa ulituma pesa kwa simu, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja, kabla mlaghai hajazitoa. Ikiwa ulimruhusu mtu kuendesha kompyuta yako akiwa mbali, ondoa programu aliyotumia. Kisha, kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama, badilisha nenosiri la barua pepe kwanza, halafu la benki na akaunti yako ya biashara. Badilisha PIN pia, ikiwa uliiandika ama uliitaja popote. PIN yako haihitajiki kuondoa virusi, na hakuna mhudumu wetu atakayekuuliza.

Shangazi? Ilikuwa ni ukurasa tu wa tovuti. Tuliufunga, tukatoa ile ruhusa ya arifa, tukakagua laptopu nzima. Hesabu zake ziko sawa. "Na vile nilikuwa karibu kulipa!" akasema.

Kwa hivyo kumbuka hili moja: programu ya kweli haikupigii king'ora ikidai pesa. Ukiona haraka na vitisho, toa mkono kwenye kadi, pumua, kisha rudi hatua ya kwanza. Na mtumie makala haya yule mtu wa familia anayebonyeza kila kitu. Unamjua.