Swali Moja Kabla ya Nusukaputi

Mwaka 1960, madaktari Michael Denborough na Richard Lovell wa Melbourne, Australia, waliandika habari za kijana wa miaka 21 aliyevunjika mguu. Kilichomtisha zaidi ni nusukaputi, kwa sababu jamaa zake 10 walikufa baada ya kupewa etha. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kuna kasoro ya jeni inayorithiwa ambayo, mtu akivuta halotheni au akichomwa saksamethoniamu, huachia kalsiamu ifurike ndani ya misuli. Misuli hukaza na mwili huchemka. Lakini anayesubiri kipimajoto kipande mara nyingi huchelewa: taya kukakamaa, moyo kwenda mbio na kaboni daioksaidi kuongezeka katika pumzi kwa kawaida hutangulia. Hapo gesi ya usingizi husimamishwa, mgonjwa hupewa oksijeni tupu, hupozwa, na huchomwa dantrolini, miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito.

Wapo watakaosema tatizo hili ni nadra na dawa yake ni ghali. Ni kweli: mtu wa kilo 70 huhitaji chupa 9 za miligramu 20 kwa dozi ya kwanza tu. Lakini unadra haumfariji aliyefikwa, na kinga ya kwanza haina bei: “Kuna ndugu yenu aliyewahi kufariki au kuzidiwa akiwa kwenye nusukaputi?” Jibu likiwa ndiyo, propofoli, ketamini au ganzi ya mgongoni haziamshi hatari hii. Kweli, wengine hawana historia inayojulikana, ndiyo maana dawa lazima iwe karibu. Lakini anayejua, asipoulizwa, na aseme mwenyewe.