Ombwe Halivuti: Nguvu ya Hewa juu ya Ngozi ya Binadamu

Mtu anywapo soda kwa mrija husema kwamba anaivuta. Kwa kweli haivuti. Yeye hupunguza hewa kinywani, na hewa iliyo juu ya soda chupani ndiyo inayoisukuma ipande. Ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa, halina mkono wa kuvutia kitu. Kosa hili la usemi halimdhuru mnywaji wa soda, lakini laweza kuleta madhara pale pampu inapowekwa juu ya ngozi.

Katika usawa wa bahari, hewa hukandamiza kila sentimita ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilogramu 1. Mwaka 1657 huko Magdeburg, Ujerumani, Otto von Guericke aliunganisha nusu mbili za tufe la shaba lenye kipenyo cha sentimita 50 hivi, kisha akaondoa hewa iliyokuwa ndani. Farasi 16, wanane kila upande, walipata taabu kubwa kuzitenganisha. Hesabu yaonyesha sababu: eneo la duara hilo ni kama sentimita za mraba 1,960, na kwa hiyo hewa ilizibana nusu hizo kwa nguvu ya karibu tani 2.

Mbona basi mwili haupondeki? Ni kwa kuwa damu na maji yaliyomo mwilini husukuma nje kwa kadiri ile ile. Kikombe kikiwekwa juu ya ngozi na hewa yake ikapunguzwa, usawa huo huvunjika. Ngozi hufura kuingia kikombeni, damu hujaa, na mishipa midogo hupasuka na kuacha vilio vya damu. Ndivyo ifanyavyo chuku, ile pembe ya kuumikia. Lakini afyonzaye chuku kwa kinywa huchoka upesi, na nguvu zake zina mpaka. Pampu ya umeme haichoki wala haisikii maumivu ya mtu. Isipowekewa mpaka, huendelea kutoa hewa hata baada ya ngozi kuumia.

Faida na hatari za nguvu hii huonekana pamoja katika chumba cha kuzalia. Mwaka 1849 James Young Simpson wa Edinburgh alieleza chombo cha kumsaidia mtoto atoke kwa kikombe cha ombwe. Katika miaka ya 1950 Tage Malmström wa Sweden alitengeneza kikombe cha chuma kilichoenea katika nchi nyingi. Mama anapoishiwa nguvu, au mapigo ya moyo wa mtoto yanapoonyesha dhiki, kikombe hicho huweza kuokoa maisha.

Kwa kawaida hewa hupunguzwa kwa kiasi cha kilogramu 0.8 kwa sentimita ya mraba. Kikombe chenye kipenyo cha sentimita 6 kina eneo la sentimita za mraba 28 hivi. Kwa hiyo hushika kwa nguvu ya kilogramu 22 au 23. Nguvu hiyo ikitumiwa vibaya yaweza kusababisha damu nyingi kuvuja chini ya ngozi ya kichwa cha mtoto. Ndiyo maana mhudumu aliyefunzwa huangalia kipimo cha kanieneo daima, huvuta wakati wa uchungu tu, na huacha iwapo mtoto hasogei baada ya kuvuta mara 3 hivi, au kikombe kikibanduka mara kwa mara. Chombo hicho hakitumiwi kwa mtoto ambaye mimba yake haijatimiza majuma 34.

Kanuni hizo zafaa kwa kila pampu inayogusa mwili: iwe na kipimo kinachosomeka, iwe na valvu ya kurudisha hewa mara moja, itumike kwa muda mfupi, na maumivu yawe amri ya kuacha. Pampu ya maabara ya shule haikuundwa kwa kazi hiyo. Yaweza kupunguza kanieneo hadi karibu na sufuri. Kwa hiyo mrija wake usiwekwe kamwe juu ya ngozi, wala kwa mzaha.

Darasani bomba la sindano lisilo na sindano latosha. Mwanafunzi azibe tundu kwa kidole gumba, avute mpini kidogo, kisha aachie na kutazama ngozi iliyofura. Baadaye akokotoe: kikombe cha sentimita 4, kwa kanieneo lile lile la 0.8, kitashika kwa nguvu gani? Jibu ni kilogramu 10 hivi, chini ya nusu ya kile cha sentimita 6.