JINA LIMEANDIKWA, MWENYEWE YUKO WAPI?



Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi habari ya daftari. Si daftari la mapato ya msikiti, wala la michango ya Maulidi, ambayo hayo tumekwisha kuyasema mara nyingi hata tukawachosha watu. Ni lile daftari la mahudhurio linalowekwa juu ya meza, karibu na mlango, kila inapofanywa semina ya kuwafundisha waalimu wa watoto wadogo. Aliyepata kuhudhuria semina ya namna hiyo hapa kwetu Nyamagana analijua sana. Lina safu ya jina, safu ya madrasa au shule atokako mtu, namba ya simu, kisha pahali pa kutia sahihi asubuhi na pahali pa kutia sahihi jioni. Ni jambo dogo kabisa. Walakini tumeona kwa macho yetu daftari hilo likimdhulumu mtu mmoja na kumpa mwingine asichostahili, na mambo hayo mawili yakafanyika katika semina moja, kwa kalamu moja.

Ilikuwa hivi. Semina ilikuwa ya siku tano, katika ukumbi mmoja hapa mjini ambao hatuna haja ya kuutaja. Siku ya kwanza, watu wamekwisha kuketi, ndipo ilipotangazwa kuwa atakayekosa hata nusu siku hatapewa cheti. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwako mama mmoja atokaye upande wa Kishili, mwalimu wa watoto wapatao arobaini katika chumba kilicho ubavuni mwa msikiti. Yeye alikuwa akifika kabla ya wakufunzi. Usiku wa kuamkia siku ya tatu mwanawe akashikwa na homa. Asubuhi akampeleka hospitali, akaonekana ana malaria, na siku hiyo ikapita. Siku ya nne mapema amekwisha kufika, mtoto yuko mgongoni, bado mnyonge. Siku ya tano majina yakasomwa, lake halikusomwa. Likasomwa jina la binti mmoja ambaye sisi tulimwona siku ya kufungua na siku ya kufunga tu. Siku za katikati mwenziwe ndiye aliyekuwa akimtilia sahihi, asubuhi na jioni, kwa mwandiko uleule. Tuliliona hilo na tukanyamaza, na aibu ya kunyamaza kwetu ndiyo iliyotufanya tuandike makala hii.

Lakini tusiwe wepesi wa kuwalaumu walioweka sharti lile. Yeyote aliyepata kuendesha semina anaijua taabu yake. Wako watu ambao huijia posho na nauli, wakaingia saa nne chai inapoandaliwa na wakatoweka mara baada ya wali. Na mafunzo haya si hotuba ya kusikilizwa kwa sikio moja. Mwalimu wa watoto wa miaka mitatu na minne hujifunza kwa mikono yake: hutengeneza vitu vya kuchezea kwa magunzi ya mahindi, vizibo vya chupa na udongo, hujifunza kukaa kimya akimtazama mtoto anavyocheza, kisha aandike alichokiona wala si alichokitaka, hujifunza kuhesabu kwa kokoto, na jambo hili kwetu Mwanza ni rahisi, maana Mwenyezi Mungu ametujaalia mawe yasiyokwisha. Aliyekosa siku moja ya kazi hiyo hawezi kuipata kwa kunakili maandishi ya mwenziwe. Basi mkufunzi akisema mahudhurio ni lazima, amesema haki. Tunayouliza sisi ni kwamba huyo aliyekosa kwa udhuru afanyiwe nini.

Wala jambo la kuandika aliyehudhuria si geni kwetu, tuliloletewa na maofisi ya siku hizi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, yahusu kuandika: deni liandikwe, dogo au kubwa, na mwandishi awe mwadilifu. Na wanazuoni wetu wa zamani walikuwa na daftari la mahudhurio lililo bora kuliko letu. Katika mji wa Damascus, nchi ya Sham, kitabu cha Hadithi kiliposomwa mbele ya sheikh palikuwako mtu wa kuandika majina. Aliandika katika kitabu chenyewe ni nani waliosikia, siku gani na mahali gani. Nani alichelewa, nani alikosa sehemu ipi, na hata nani alishikwa na usingizi. Wanawake waliandikwa, na watoto waliandikwa pamoja na umri wao. Mtoto aliyekuwa hajatimiza miaka mitano hakuandikwa kuwa "amesikia" bali kuwa "amehudhuria", maana hawakutaka kusema uongo hata juu ya mtoto. Hati hizo zipo mpaka leo. Mwaka 1996 ilichapishwa huko Damascus fahirisi kubwa ya majina yaliyomo katika hati za tangu mwaka 550 mpaka mwaka 750 wa Hijra, na humo waweza kumwona mtu wa karne hizo akihudhuria darsa moja baada ya jingine.

Tazameni walivyofanya kwa yule aliyekosa. Hawakumfuta, wala hawakumfunika. Waliandika kuwa fulani amesikia ila sehemu fulani imempita; naye akiweza alirudi kwa sheikh akasomewa sehemu ile, kisha ikaandikwa kuwa amekwisha kutimiza. Kwa nini na sisi tusifanye hivyo? Cheti na kiseme ukweli: bibi huyu amehudhuria siku nne kati ya tano, na somo lililompita ni hili. Kisha ipangwe siku moja, mwezi ufuatao, ya kuwafundisha wote waliopitwa kwa udhuru. Ukumbi wa siku moja na mkufunzi mmoja si gharama ya kutushinda sisi tunaoweza kupika pilau ya watu mia tano.

Wako watakaoleta hoja ya kubadilishana zamu, wakasema: je, Sayyidna Umar (R.A.) hakuwa akipokezana na jirani yake Ansari, mmoja akishuka leo kwa Mtume (S.A.W.) na mwingine kesho? Naam, Hadithi hiyo ni sahihi, imo katika Bukhari. Walikuwa wakikaa sehemu za juu za Madina, mbali na msikiti, na kila mmoja alikuwa na kazi zake. Lakini kila aliyeshuka alirudi na habari zote za siku ile akampa mwenziwe, na hakuna aliyejifanya kuwa mwenziwe. Hapa ndipo ulipo mpaka. Madrasa yenye waalimu wawili, mmoja ana mtoto mchanga, ikiwaandikisha wote wawili kwa uwazi kuwa watapokezana na kufundishana jioni, hilo lina asili njema. Kutia sahihi ya mtu asiyekuwapo ni ushahidi wa uongo, nasi sote twajua uzito wake katika dini.

Tukija kwenye uandikishaji, twaona kuwa aghalabu ugonjwa huanzia huko. Barua hufika msikitini siku mbili kabla ya semina, ikitaka majina mawili. Mwenyekiti wa kamati humwandika mpwawe, na katibu humwandika mkewe. Yule anayekaa na watoto kila siku huzipata habari semina ikiwa imekwisha. Kisha twashangaa kwa nini kiti ki kitupu siku ya pili.

Ndugu zetu wa pwani walilitengeneza jambo hili kwa njia nyingine, na yafaa tuijue. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya, walioona watoto wao wakibaki nyuma shuleni, waliomba msaada kwa Aga Khan. Na kutokana na ombi hilo, mwaka 1986 mpango wa madrasa za awali ukaanza Mombasa, ukiongozwa na mwalimu Bi Swafiya Said. Ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Huko hakukuanzwa na orodha ya majina. Ilianza kwa mapatano: watu wa mtaa wachague kamati yao, watoe pahali pa kusomeshea, na wawachague wenyewe wanawake wa mtaa ule ule watakaofundishwa na kubaki kuwasomesha watoto wao. Wala mafunzo hayakwisha kwa siku tano. Mkufunzi alimfuata mwalimu darasani kwake, muda wa kama miaka miwili, akimtazama na kumsahihisha. Kwa hiyo mahudhurio yalikuwa ni ya pande mbili: mwalimu aliwajibika kufika kwa mkufunzi, na mkufunzi naye aliwajibika kufika kwa mwalimu. Watafiti waliowalinganisha watoto wa nchi hizo tatu, na kutangaza matokeo yao mwaka 2008, waliona kuwa waliosoma shule za awali waliendelea kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa madrasa za mpango huu wakawapita wenzao wa shule nyingine za awali.

Huku kwetu Ziwa tunayo mambo yetu. Mwalimu atokaye Buhongwa au Luchelele hutumia nauli kila siku kuja mjini na kurudi, na posho hulipwa siku ya mwisho. Mto Mirongo ukijaa, aliyechelewa si mvivu. Walio ng'ambo ya pili, watu wa Sengerema, walikuwa wakileta udhuru wa pantoni, nasi tuliukubali. Lakini daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kwa hiyo udhuru huo umekwisha na watahitaji kutafuta mwingine. Siku ya Ijumaa ratiba iandikwe tangu mwanzo kuwa mafunzo yatasimama wakati wa sala, wala mtu asihesabiwe kuwa hakuwapo kwa sababu ya hutuba.

Na mama mwenye mtoto mchanga? Semina za waalimu wa watoto zinazomkataza mwalimu kuja na mtoto wake zatuchekesha na kutuhuzunisha pamoja. Mtume (S.A.W.) alikuwa akianza sala akitaka kuirefusha, akasikia kilio cha mtoto, naye akaifupisha kwa kuijua taabu ya mama yake. Na wanawake walipomlalamikia kuwa wanaume wamewazidi katika kumpata, aliwawekea siku yao, akaja akawafundisha. Mkeka mmoja pembezoni mwa ukumbi na msichana wa kuwaangalia watoto watosha. Akina baba nao watusikie: mara nyingi anayemkosesha mkewe siku ya tatu si mtoto, ni yeye mwenyewe aliyetoa ruhusa ya siku mbili.

Serikali kwa upande wake imekwisha kuonyesha kuwa jambo hili si la mchezo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yataka vituo vya kulelea watoto mchana viandikishwe. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Na Desemba 2021 ikazinduliwa programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto, ya miaka mitano mpaka 2025/26. Mkaguzi akija madrasani atauliza mwalimu amefundishwa nini na wapi. Atakayejibu kwa cheti alichotiliwa sahihi na shoga yake atajibu vizuri sana. Yule mama wa Kishili hatakuwa na la kuonyesha.

Tulikwenda kumtazama karibuni. Bado anasomesha. Juu ya dirisha amepanga magunzi aliyoyapaka rangi, kama alivyofundishwa siku ya pili, na watoto wake wahesabu mpaka ishirini bila ya kupigwa. Tukamwonyesha ratiba ya semina tuliyokuwa tumeiweka. Siku ya tatu, ile aliyoikosa, asubuhi yake ilikuwa ni somo la namna ya kumwokoa mtoto aliyepaliwa na chakula au kitu kingine kooni. Tukamwuliza kama tangu wakati huo amepata mtu wa kumfundisha somo hilo. Akasema bado, akageuka kumwambia mtoto mmoja atoe kokoto kinywani.