Wali wa jana, mkate wa leo: yale tuliyoyakuta katika kuandika kitabu cha mikate ya nyumbani

Tumezoea katika safu hii kuzungumzia maji ya kunywa, vyoo na maradhi ya watoto. Leo tuingie jikoni, kwenye mikate tunayoipika wenyewe majumbani. Kuna jambo lilitokea nyumbani kwangu hapa Unguja ambalo nililinyamazia muda mrefu kwa aibu, na nadhani kulinyamazia zaidi si haki.

Ilikuwa Ramadhani. Nilitamani kupika mkate wa kumimina kama ule wa shangazi yangu, ambao mtaa mzima unaujua. Nikampigia simu, nikachukua kalamu, naye akanitajia: mchele vikombe viwili, tui la nazi moja, sukari kikombe, hamira kijiko, iliki, ute wa yai, na wali konzi moja wa kusagia pamoja na mchele ili mkate uwe laini. Nikaandika yote. Jikoni nilikuwa na wali uliobaki usiku wa jana yake, umefunikwa vizuri kwenye sufuria juu ya kabati. Nikafurahi kwamba hautatupwa. Nikauchota, nikausaga.

Mkate uliumuka, ukapikika, ukawa na vitundu kama inavyotakiwa. Tulifuturu kwa raha. Baada ya Tarawehe mtoto wa kwanza akaanza kutapika, akafuata wa pili, kisha mama mkwe wangu, mtu mzima mwenye presha. Watoto walipoa kabla ya daku. Mama mkwe tulimpeleka zahanati akatundikiwa dripu, akalala huko mpaka asubuhi. Tabibu aliyetupokea nilimwambia mimi ni lile yai. Yeye akaniuliza: "Kulikuwa na wali?"

Kinachojificha kwenye wali

Wengi wetu tunadhani chakula kikishapikwa vijidudu vyote vimekufa, na kikipashwa moto tena ndiyo kabisa. Kwa mchele sivyo. Kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus ambaye hukaa udongoni na kwenye nafaka. Hujifungia ndani ya ganda gumu, na ganda hilo huvumilia maji yanayochemka. Wali ukiiva na kuachwa kwenye joto la kawaida, hasa joto letu la pwani, ganda hufunguka na bakteria huzaliana. Akizaliana humwaga sumu inayomfanya mtu atapike ndani ya saa moja hadi sita. Sumu hiyo moto wa jikoni hauiondoi. Unaweza kuupasha wali mpaka ukaungua na sumu ikabaki pale pale. Wala haina harufu wala ladha ya kukuonya.

Kwa hiyo wali usiolika papo hapo utandazwe kwenye sinia upoe haraka, kisha uingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita. Ukikaa nje usiku kucha, si chakula tena. Najua kutupa wali kunatuuma. Dawa yake ni kupika kiasi.

Nilipompigia shangazi kumweleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wali wa jana? Mwanangu, nani alikwambia wali wa jana?" Ni kweli hakuniambia. Lakini hakuniambia pia kwamba uwe wa leo. Kwake yeye, aliyejifunza kwa kukaa ubavuni mwa mama yake na kuchota konzi ile ile kutoka chungu kilichopikwa mchana ule, jambo hilo halikuhitaji kusemwa. Mimi nilijifunza kwa simu.

Hapo ndipo wazo la kitabu lilipozaliwa.

Mizani chini ya mkono wa shangazi

Tuko watano. Shangazi mwenyewe, mwalimu mstaafu wa sayansikimu, jirani yangu ambaye ni muuguzi, na binti wa nyumba ya pili anayeoka keki na mikate ya mayai kwa oda za harusi. Mimi ndiye karani. Tunakutana Jumamosi baada ya Dhuhuri, kila mara mkate mmoja: wa kumimina, wa ufuta, wa mayai, vibibi, maandazi ya mahamri. Shangazi anapika, sisi tunaandika.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya vipimo. Mwalimu alitaka gramu. Shangazi akasema hajawahi kupima mkate kama dhahabu na hataanza uzeeni. Binti wa keki ndiye aliyetupatanisha. Aliweka mizani yake ndogo mezani na bakuli juu yake, akamwambia shangazi, "Wewe tia kama unavyotia, bibi, usituangalie sisi." Konzi yake ya wali tuliipima mara tatu mfululizo na haikupishana hata gramu tano. Ya kwangu ilikuwa pungufu karibu theluthi. Siku hiyo mwalimu aliacha kusema kwamba shangazi hapimi.

Kikombe nacho kina kisa chake. Kikombe cha chai cha kizamani huchukua kama mililita 150, na magi ya siku hizi hufika 300. Anayesoma "vikombe viwili" akatumia magi amepika mkate mwingine kabisa, na kijiko kile kile cha hamira hakitamtosha. Kitabuni tumeweka gramu kwanza, kisha kikombe cha shangazi, na tumeandika kikombe hicho kinachukua kiasi gani cha maji.

Hamira tumeipa ukurasa mzima, maana ndiyo inayolaumiwa bure. Hamira ni kiumbe hai, aina ya ukungu mwema unaokula sukari na kutoa hewa inayoujaza mkate vitundu. Hupenda uvuguvugu kama wa mwili wa mtu. Ukiimwagia tui lililotoka motoni unaiua. Ikifika nyuzi joto 60 hivi imekwisha. Dondosha tone la tui kwenye kiwiko cha mkono: likiwa halikuchomi wala halikupozi, ni sawa. Tena kwa hali ya hewa yetu mchanganyiko wa kumimina hautaki kulala. Dakika 45 hadi saa moja na nusu zinatosha. Wapo wanaouacha na tui lake usiku mzima mezani, wakiamka wanakuta uchungu wanaudhania ni wa hamira nyingi. Tui huharibika upesi, na chachu siyo pekee iliyofanya kazi usiku ule. Mchele nao, ikiwa lazima uloweke usiku, uloweke ndani ya friji. Asiye na friji aloweke asubuhi, saa nne au tano zinatosha kulainika kwa mashine.

Sukari na mwenye mkate

Hapa ndipo tulipokaribia kuvunja kikao. Shangazi ana kisukari mwaka wa tisa sasa. Nyayo zake zimeanza kufa ganzi, na muuguzi wetu humkagua kila Jumamosi kabla hatujawasha jiko, asije akawa amekanyaga kaa bila kujua. Mkate anaoupika vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, yeye mwenyewe anakula kipande cha vidole viwili.

Mkate wake unataka gramu 200 za sukari kwa gramu 400 za mchele. Ukiukata vipande 12, kila kipande kina karibu gramu 17, yaani vijiko vinne vya chai na zaidi. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isifike asilimia kumi ya nguvu anayoipata mtu kwa siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu 50, na ikishuka chini ya gramu 25 ni bora zaidi. Vipande viwili wakati wa futari, chai yenye vijiko viwili, umeshavuka gramu 40 na tambi za sukari bado hazijaja mezani.

Muuguzi alitaka kitabu kiandike sukari nusu. Shangazi akavua miwani. "Andikeni mnachotaka," akasema, "lakini msiseme ni mkate wangu." Mimi niliona wote wawili wana haki, na nasema wazi kwamba kitabu cha mapishi kinachobadilisha chakula cha mtu kimya kimya kinamzulia. Ndivyo tulivyokubaliana: mkate wa shangazi utachapwa kama ulivyo, kwa jina lake na la mama yake aliyemfundisha, na chini yake itaandikwa sukari iliyomo katika kila kipande. Halafu Jumamosi mbili tulijaribu kupunguza. Kwa gramu 130 mkate uliumuka vilevile, ila juu haukupata ule wekundu. Chini ya hapo ukawa wa watoto wagonjwa, kama alivyouita shangazi. Ule wa 130 alikula kipande chake cha vidole viwili, akafikiri, akasema tuongeze iliki. Umeingia kitabuni ukurasa wa pili yake. Hata huo si ruhusa kwa mwenye kisukari kujilia, maana mchele wenyewe hugeuka sukari mwilini. Lakini anayepikia familia ana pa kuanzia.

Mwalimu ndiye aliyetukumbusha kwamba kazi hii si ngeni kwa Waislamu. Mwaka 1226 Miladia, yaani 623 Hijria, Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu cha mapishi, Kitab al-Tabikh. Kabla ya kuanza kupika chochote anamtaka mpishi akate kucha zake asiziache zikakusanya uchafu, na anaeleza namna ya kusugua vyombo kwa vumbi la matofali, kisha kwa unga wa mmea uliotumika kama sabuni zama hizo. Hakuona kwamba usafi ni somo la kitabu kingine. Nasi tumefanya hivyo: kunawa mikono kwa sabuni, kukata kucha na kuvua pete vimo ndani ya hatua za mkate, si katika utangulizi ambao hakuna anayeusoma. Pete hasa, maana unga unaoganda chini ya pete ya ndoa nimeuona kwa macho yangu.

Moto na mengineyo

Mkate wa kumimina na wa ufuta hupata uzuri wake kwa makaa: machache chini, na mengi juu ya mfuniko. Vitabu vingi huandika "oka kwenye oveni" na kupita. Sisi wengi wetu tuna seredani. Basi tumeandika pia kwamba seredani ikae uani au penye dirisha na mlango wazi, wala isiingizwe ndani wakati wa mvua. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunukia. Mtu huhisi kichwa kuuma na usingizi, akadhani ni uchovu wa funga.

Mayai yapasuliwe moja moja kwenye kikombe pembeni, lililoharibika lisiharibu mengine, na mtoto asipewe mwiko wa mkate wa mayai kulamba ukiwa mbichi. Yai bichi linaweza kubeba salmonella, na unga mbichi nao si safi kama unavyoonekana. Vanila ya maji soma chupa, kwani nyingi hutiwa alkoholi. Kitabuni tumetumia iliki na hatukupungukiwa na kitu. Njugu za kashata na unga wowote uliopata ukungu utupwe. Sumu yake, aflatoksini, haiondoki kwa kuoka. Kenya mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliwapata watu 317, na 125 kati yao walifariki. Kuchagua njugu moja moja juu ya ungo, kazi tuliyokuwa tunapewa utotoni tukinung'unika, ilikuwa na maana yake.

Mpaka sasa tuna mikate tisa iliyopikwa, ikapimwa, kisha ikapikwa tena na mtu mwingine akisoma karatasi tu huku shangazi amekatazwa kusema. Hilo la mwisho ndilo gumu kwake kuliko yote. Alipomwona binti wa keki anafunika mchanganyiko mapema, alijiziba mdomo kwa mtandio. Lakini kila alipotaka kusema, tulijua kuna sentensi inayokosekana kwenye karatasi. Wali sasa una sentensi yake: uliopikwa leo, uliopoa, usiokaa nje zaidi ya saa mbili. Mama mkwe wangu ndiye aliyeisoma kwa sauti mara ya kwanza, akanitazama.

Unaobaki ni mkate wa mofa, ule wa unga wa mtama unaoliwa na supu ya pweza. Shangazi anaujua, lakini unataka tanuri la udongo, na la kwao lilibomolewa zamani walipojenga choo. Jumamosi ijayo, insha Allah, tunakwenda kuangalia moja tuliloambiwa lipo Makunduchi.